Utando wa Kuazima

Miaka ya tisini, nikiwa nimeshaacha biashara ya chai na kufungua duka la leso, nilisikia redioni bwana mmoja akieleza kwamba wataalamu wa ng'ambo sasa wanaotesha ngozi ya binadamu. Wanaunda kiunzi chembamba, akasema, laini kuliko chachi ya hospitali, kutokana na ngozi ya ng'ombe. Juu yake wanapanda seli changa, zile ambazo bado hazijaamua zitakuwa nini, nazo zinashika, zinatambaa, zinazaana, mpaka kidonda kinafunga. Mteja aliyekuwa akichagua leso akaguna, akasema watu wa redio wamezidi uongo.

"Uongo wapi?" nikamwambia. "Mimi nimeona kitu cha namna hiyo hapa hapa Kisumu, zamani, na wala hakikutoka kwa ng'ombe."

Akanitazama kama niliyepandwa na pepo, akachukua leso yake akaenda zake. Sikupata nafasi ya kumweleza, na jambo hilo limenikaa rohoni. Basi ninaeleza sasa, na asiyetaka kusikiliza naye achukue leso yake aende.

Kwetu ni Kisumu. Bibi yangu mzaa baba aliletwa hapa na mume aliyefuata kazi ya reli kutoka pwani, wakakaa, wakazaa, wakazikwa. Kiswahili tulikinyonya. Kijaluo nilijifunza kwa kununua samaki, na mpaka leo Kijaluo changu ni cha kugombania bei tu. Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa na kibanda cha chai ukingoni mwa mtaa wa Nyalenda, karibu na bomba tulilochotea maji sote. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, leo yuko Nakuru, kesho yuko njiani. Tulikuwa na mtoto mmoja, binti, hajaanza hata shule, na mdomo wake ulikuwa kama wangu.

Asubuhi moja mbuzi wa jirani alikata kamba, mbwa akamfukuza, akapita katikati ya kibanda changu kama mtu aliyechelewa gari. Sufuria kubwa ya chai ya maziwa ilikuwa inatokota. Ikapinduka. Binti yangu alikuwa amekaa upande huo akimenya ndizi, na chai yote ikamwangukia kifuani na mkono wa kulia, kuanzia begani mpaka karibu na kiganja. Sauti aliyoitoa sitaieleza. Yule mbuzi tulimchinja baadaye, na nilimla kwa hasira.

Kabla sijapata pumzi kibanda kilijaa matabibu. Huyu ana yai, huyu ana dawa ya meno, huyu anasema unga. Shangazi yangu, Mungu amrehemu, alikuja mbio na manyoya ya sungura akayabandika mkono mzima. Ndiyo dawa ya moto aliyoachiwa na wazee wake: manyoya yanashika, kidonda kinapona chini yake, kisha yanadondoka yenyewe. Labda kwa kidole kilichogusa jiko inafaa. Kwa mkono mzima wa mtoto yalilowa, yakaanza kunuka, na haikupita muda mtoto akawaka homa hata ukimgusa unashtuka. Nikambeba mikononi mpaka hospitali, sikungoja gari wala mtu.

Wodini yale manyoya yalitolewa kwa kikoleo, unyoya mmoja mmoja. Homa ilishuka kidogo, lakini kazi ndiyo kwanza ilianza. Kila asubuhi bandeji ilipobadilishwa, chachi ilikuwa imeganda kwenye nyama. Wakiivuta, na ile ngozi changa iliyojaribu kuota usiku inang'oka nayo. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka, na kidonda kikarudi pale pale kilipokuwa jana. Mimi niliyezoea kuteta na kila mtu sikuwa na wa kuteta naye, maana manesi walifanya kazi yao, tena kwa huruma. Nilikuwa natoka nje nateta na ukuta.

Daktari wa wodi ile alikuwa kijana, mtu wa huku huku ziwani, aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni ng'ambo. Nilipomweleza habari ya sungura nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mama, wazo la shangazi yako si baya," akasema. "Kilichokuwa kibaya ni manyoya."

"Sijakuelewa, Daktari."

"Ukijenga nyumba ya udongo huko Nyalenda, unaanza kwa kurusha matope hewani?"

"Kwani nina wazimu?"

"Unasimamisha fito kwanza, matope yapate pa kushika. Ngozi nayo ni hivyo. Mbegu yake ipo, iko pembeni mwa kidonda na chini kwenye vishimo vya nywele. Inataka kutambaa ifunge. Haina pa kushika, na kile kidogo inachojenga usiku sisi tunakibomoa asubuhi. Inataka kiunzi. Kitu safi, chembamba, kinachokaa juu ya kidonda bila kuvutwa mpaka kazi iishe."

"Basi si umwekee hicho kiunzi!"

Akawa anafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Kisha akaniambia kwamba kizuri kuliko vyote alivyowahi kuona ni ule utando unaomzunguka mtoto tumboni, ambao baada ya kuzaa hutoka pamoja na kondo la nyuma. Alikosomea aliwaona wakiutumia kwa walioungua. Na hapa kwetu wodi ya wazazi ilikuwa ng'ambo tu ya uwanja, watoto wanazaliwa mchana na usiku.

"Ila kondo si mali ya hospitali, Mama. Ni la watu na kwao. Nimeomba, wamenikatalia. Bibi mmoja aliniuliza kama nililelewa na mama au niliokotwa."

Kisha akaniambia na lile lingine, bila kuzunguka. Kidonda kikiendelea hivi, homa inaweza kurudi na safari hii isishuke. Na hata isiporudi, makovu yatavuta, kiwiko kitakunjika, na mkono hautanyooka tena. Mkono wa kulia. Nilimwona binti yangu akiwa mtu mzima, mkono umejikunja kifuani kama bawa la kuku, akijaribu kuinua sufuria.

"Daktari," nikasema, "hili niachie mimi."

Na kwa haraka yangu nikaliharibu siku ile ile. Watu wa ziwa huliita kondo *biero*, na halitupwi ovyo. Linapelekwa nyumbani kwa baba wa mtoto, linazikwa, na hapo lilipozikwa ndipo kwao, hata aende akaishi mwisho wa dunia. Hili nililijua. Sisi wenyewe mtu akitaka kusema kwao anasema kitovu chake kilizikwa mahali fulani. Lakini nilikuwa sijalala, nina hasira na mbuzi, na ukuta, na dunia. Nilichukua beseni, nikavuka uwanja, nikasimama kwenye baraza la wodi ya wazazi mbele ya mama wakwe wa watu, nikasema kwa Kijaluo changu cha samaki kwamba nataka biero, nani anayo?

Mmoja akapiga ukelele: "Yawa!" Kandambili ikapita karibu na sikio langu. Mlinzi akaja. Kufika saa ya chakula cha mchana, hospitali nzima ilikuwa inajua kuna mama Mwislamu mwenye beseni anayekusanya biero kulishia majini yake. Majini! Mimi ambaye hata paka nilikuwa simfugi.

Nikalia sana. Kisha nikanawa uso, na kesho yake nikarudi kwenye lile baraza, bila beseni. Nilikaa mwisho wa benchi. Wakanihama wote, nikabaki nalo peke yangu. Nikakaa hivyo hivyo. Nikirudi wodini kubadilisha bandeji, namaliza, narudi kukaa. Sikusema neno, na kwangu mimi kukaa kimya ni kazi kuliko kubeba maji.

Bibi mmoja ndiye aliyechoka kuniona. Alikuwa mrefu, mkavu, ametoka Luanda Kotieno, kule ufukweni mwa ziwa, na mkaza mwana wake aliyeletwa kwa sababu mtoto alilala vibaya tumboni na madaktari walitaka kumpasua. Bibi alikuja na chungu kidogo kimefunikwa kwa jani la mgomba, na hakukiweka chini hata alipokula. Kila mtu pale alijua chungu kile ni cha nini.

"Wewe Mama," akaniambia kwa Kiswahili chake, "biero ya watu unataka fanyia nini? Sema ukweli. Mimi si mtu ya kuogopa."

"Njoo uone mwenyewe," nikamwambia.

Nilidhani atakataa. Akainuka na chungu chake, akanifuata. Tukaingia wakati nesi ndiyo anaanza kulowesha chachi. Sikumweleza chochote. Alisimama karibu na kitanda tangu chachi ya kwanza mpaka ya mwisho, na binti yangu alilia kilio chake chote, akaniita, akamwita baba yake, akamwita Mungu. Ilipokwisha bibi alikuwa amekaa chini, sakafuni, chungu mapajani.

"Hii kelele nasikia kila asubuhi kutoka huko," akasema. "Mimi nilifikiria hapa hospitali wanachinja mbuzi."

Daktari akaitwa. Akamweleza taratibu kwa Kijaluo, na nilishika ya kutosha: kondo lenyewe halitaguswa, litabaki zima, lake. Ni ule utando wa juu tu. Bibi akauliza maswali mengi. Akataka kujua kama mjukuu wake atakosa kwao. Akataka kujua kama nguo ya mtoto mmoja ikivaliwa na mtoto mwingine, hao si watakuwa ndugu? Daktari akasema yeye hajui la kujibu hapo, aulizwe bibi mwenyewe.

Bibi akanigeukia. "Watakuwa ndugu. Wasije wakaoana. Na kila kipande ikitoka kwa huyu mtoto, ikikauka, nataka irudi nyumbani nizike mahali ile ingine iko. Yote. Usitupe hata kidogo."

"Nitakuletea, Mama. Wallahi nitaleta."

"Si wewe," akasema. "Huyu mwenyewe ndiyo italeta. Na mkono yake."

Yule mama alipasuliwa salama, akazaa mtoto wa kiume, mnene. Damu yake ilikuwa imepimwa yale yaliyopimwa wakati ule. Ule ugonjwa mkubwa, Ukimwi, ulikuwa haujajulikana kwetu, na ulipokuja mambo haya yalisimamishwa, na haki yao. Bibi alikataa utando utolewe asione. Akaingizwa kwenye chumba cha pembeni, nami nikajipenyeza nyuma yake. Daktari akashika ukingo, akauinua polepole, ukaachana na kondo bila kuchanika, mweupe, mwembamba, unaona vidole upande wa pili. Mimi muuza chai nilijua nimeuona wapi: ni kama ule utando unaotanda juu ya chai ya maziwa ikianza kupoa. Bibi akapokea kondo lake zima, akalitia chunguni, akafunika, na kesho yake akapanda basi.

Utando ulioshwa na kuoshwa tena kwa maji ya chumvi yenye dawa, ukakatwa, ukalazwa juu ya mkono na kifua cha binti yangu, ukalainishwa kwa kidole kusiwe na hewa chini yake. Nilikuwa nimeuma leso nikingoja kilio. Hakulia. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Mama, haiumi."

Nilitoka nje nikaenda kuuomba msamaha ule ukuta.

Utando huo hakuna aliyeuvuta. Ulikaa pale ukikauka, ukawa kama karatasi, na chini yake, Daktari alinionyesha, vilianza kutokea visiwa vidogo vya waridi. Kila kisiwa kilitambaa kwenda kwa mwenzake. Palipokuwa na ngozi mpya, utando ulijiachia wenyewe, kipande hapa, kipande pale. Palipokuwa bado, akaongeza ule uliobaki kwenye friji. Nami nilikuwa pale na kopo la kakao nililolichemsha, naokota. Nilimkimbiza mfagiaji mpaka mlangoni kwa ajili ya kipande kidogo kuliko ukucha. Sista mmoja akaniuliza uchafu ule naupeleka wapi. Nikamwambia huo si uchafu, ni nguo ya mtu, na kikikosekana kipande kimoja mimi na wewe tutaonana leo. Baada ya hapo wakawa wananiwekea wenyewe.

Mkono ukafunga. Kifua kikafunga. Nikadhani tumeshinda, kumbe vita vya pili vilikuwa vinaningoja nyumbani. Ngozi ile ilikuwa mpya, nyembamba, inavuta, hasa pale kwenye kiwiko. Daktari alisema mkono unyooshwe kila siku, asubuhi na jioni, hata akilia, la sivyo yote tuliyofanya ni bure. Binti yangu alikuwa ameonja maumivu ya kutosha maisha yake yote, na aliamua hataonja tena. Aliukunja mkono kifuani, akaushika kwa ule wa kushoto, akanitazama kwa jicho langu mwenyewe. Nilimbembeleza kwa kaimati. Nilimfokea. Nilimfunga ubao usiku, akaufungua kwa meno. Nikiuvuta mimi, unanyooka nusu, anapiga kelele majirani wanakuja, nikiuachia unarudi. Akawa anakula kwa kushoto, mimi niliyemfundisha asile kwa kushoto. Miezi ikapita hivyo.

Daktari aliupima, akatikisa kichwa. "Akirudi kliniki safari ijayo mkono uko hivi, itabidi nipasue kiwiko, nitoe ngozi kwenye paja, tuanze upya."

Kuanza upya! Usiku sikulala, na asubuhi nikaliona lile kopo juu ya kabati. Nikajiambia, kabla mtoto huyu hajakatwa tena, deni la watu lilipwe kwanza. Nilimvisha gauni lake la Idi, nikamwambia tunakwenda kumwona mwenye nguo uliyoazima. Alikuwa na maswali njia nzima. Mkono wake huyo mwenye nguo uliungua? Analia?

Luanda Kotieno siku ile palikuwa na dagaa zimeanikwa kila mahali. Tulielekezwa boma, tukapanda kilima kidogo, jua linawaka. Bibi alikuwa mlangoni anapepeta mtama. Alinitambua kabla sijasema hodi, kisha akamtazama binti yangu, na ule mkono uliokunjwa, kwa muda mrefu. Aibu ilinishika. Nilikuwa nimeahidi mkono, na nimeleta bawa.

"Mama, mkono umepona lakini haunyooki," nikaanza. "Nimejaribu kila kitu, anakataa, Daktari anasema atamkata tena…"

Bibi aliingia ndani akatoka na mtoto. Lo, mtoto! Miguu imejaa mikunjo, mashavu yanamwagika, uchi isipokuwa uzi wa shanga kiunoni, amekasirika kwa kuamshwa. Akasimama naye hatua chache kutoka kwa binti yangu, akainama kidogo.

"Huyu ni ndugu yako," akasema. "Yeye ndiyo alikupa nguo. Kuja umshike."

Nikataka kusema ataanguka, ana mkono mmoja. Bibi akanikata kwa jicho. Mtoto akamwona binti yangu, hasira ikamtoka, akamcheka kwa ufizi mtupu, akaanza kujirusha kwenda kwake kama samaki mkononi. Na bibi, haki ya Mungu, hakumsogeza karibu. Alikaa pale pale alipo, mtoto anajirusha, anataka kutoka.

Binti yangu alinyoosha mkono wa kushoto. Haukutosha. Nikamwona anaufikiria ule mwingine. Akauondoa kifuani. Ukaenda, ukafika pale unapokwamia siku zote, ukasimama. Akauma mdomo. Machozi yalikuwa yanamtoka na bado anamcheka yule mtoto, na mkono ukaendelea kwenda, polepole, kiwiko kikafunguka mbele ya macho yangu, ngozi ile ya waridi imekazana inang'aa, mpaka ukanyooka wote, na bibi akamweka mtoto juu yake.

Nilikaa chini kwenye vumbi na kopo langu. Nilitaka kumwambia, mjinga wewe, kumbe unaweza, miezi yote hii unanitesa!

"Mama," binti yangu akasema, "ni mzito."

"Mshike hivyo hivyo," nikamwambia. "Usimrudishe."